Hadithi za Kisayansi: Maswali Tunayoulizwa Kila Jumamosi Mbeya

Kikundi chetu cha kusoma hukutana Jumamosi saa tisa alasiri, chumba cha nyuma cha duka la madaftari hapa Mwanjelwa. Tunasoma hadithi za kisayansi: safari za angani, roboti, dunia zijazo. Kila mgeni huja na maswali yaleyale, na mengine huletwa kwa simu kutoka Tukuyu, Makambako, Iringa na Vwawa. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, kama ninavyojibu nikiwa nimekaa na watu.

Hadithi hizi zina tofauti gani na zile za wachawi wanaoruka na ungo?

Zote zina maajabu. Tofauti iko kwenye deni la msimulizi. Anayesimulia mchawi aliyeondoka Rungwe na ungo na kutua Kyela kabla ya jogoo kuwika hadaiwi maelezo. Uchawi ndio maelezo yenyewe. Mwandishi wa hadithi ya kisayansi akirusha chombo, anadaiwa. Kinaendeshwa na nini? Waliomo wanavuta hewa gani? Kikiharibika njiani, nani anakitengeneza na kwa spana ipi? Anaruhusiwa kubuni kitu ambacho hakijawahi kuwepo, lakini akishaweka kanuni zake hana ruhusa ya kuzivunja ukurasa wa mia kwa sababu tu shujaa wake amebanwa.

Na kwa kuwa ungo umetajwa, nieleze jambo ninalolipenda sana. Mwaka 1945 Arthur C. Clarke, kijana wa Kiingereza aliyekuwa mtaalamu wa rada katika jeshi la anga, aliandika makala katika jarida la mambo ya redio. Alieleza kwamba chombo kikizunguka dunia juu ya ikweta, kwa kimo cha karibu kilomita 36,000, kitamaliza mzunguko mmoja kwa siku moja, sawasawa na dunia inavyojizungusha. Kwa mtu aliye chini kitaonekana kimesimama palepale. Vyombo vitatu vya namna hiyo vingetosha kufikisha matangazo karibu dunia nzima. Wakati huo hapakuwa na setilaiti hata moja. Ya kwanza, Sputnik ya Wasovieti, ilirushwa 1957. Leo simama Mwanjelwa utazame mapaa. Kila ungo wa televisheni umekazwa kwa bolti, umeelekea sehemu moja ya anga, hausogei usiku wala mchana, kwa sababu kile unachokitazama hakihami. Clarke baadaye akawa miongoni mwa waandishi wakubwa wa hadithi hizi, na ndiye aliyesema kwamba teknolojia ikishapiga hatua ya kutosha huwezi kuitofautisha na uchawi.

Tuziite nini kwa Kiswahili?

Mtaani ni hadithi za kisayansi. Wanafunzi wa fasihi husema bunilizi za kisayansi. Tumia lolote, ila usiseme "mambo ya wazungu", kwa sababu majibu yafuatayo yatakuonyesha sivyo.

Zilianza lini, na nani alizianzisha?

Wengi huanzia kwa Mary Shelley wa Uingereza. Mwaka 1815 mlima Tambora, huko Indonesia, ulilipuka na kujaza anga majivu, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Binti huyu, akiwa na miaka 18, alijikuta amefungiwa ndani na mvua na baridi karibu na Ziwa Geneva pamoja na marafiki zake, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Yake ilikuwa juu ya msomi aliyemuumba kiumbe kisha akamkimbia. Ikachapishwa 1818 kwa jina la Frankenstein. Mtu wa Rungwe, ambaye mlima wake wenyewe ni volkano na ambaye Ziwa Ngozi limelala ndani ya kreta, nadhani anaielewa asili ya kitabu hiki kuliko mtu wa London.

Kisha akaja Jules Verne wa Ufaransa. Riwaya yake iliyomtoa, ya mwaka 1863, inaanzia Zanzibar: watu watatu wanapanda puto, wanapita juu ya Kazeh, ndiyo Tabora yetu, wanaelekea magharibi hadi Senegal. Verne alitegemea taarifa za wapelelezi waliotangulia. Waafrika wa humo wamechorwa kwa dharau ya zama zile. Tulipokisoma kikundini tulikasirika, mama mmoja akafunga kitabu, tukazungumza, tukakifungua tena. Ni vizuri kujua kwamba mmoja wa waasisi wa fasihi hii alianza kazi kwa kuiangalia nchi yetu kutoka juu, na aliiona vipi.

Wa tatu ni H. G. Wells, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1898 alitoa riwaya kuhusu viumbe wa Mars wanaoivamia Uingereza kwa mashine na miali ya moto ambayo mizinga ya Waingereza haiwezi kuizuia. Mapema kabisa kitabuni anawakumbusha wasomaji wake jinsi wenyeji wa Tasmania walivyofutwa na wahamiaji wa Ulaya, anawauliza kama sisi binadamu ni watakatifu kiasi cha kulalamika wengine wakitufanyia hivyo. Sasa tazama mwaka. Mwezi Julai 1898, huko Mlambalasi, Iringa, Mtwa Mkwawa alijipiga risasi badala ya kukamatwa na Wajerumani, ambao miaka minne kabla walikuwa wameibomoa ngome yake ya Kalenga kwa mizinga. Fuvu lake lilirudi 1954, na liko Kalenga mpaka leo. Wasomaji wa London walikuwa wanaogopa hadithi. Wahehe walikuwa wameshaiishi, mwaka huohuo. Mjumbe wetu mmoja kutoka Iringa alisema kitabu kile alikisoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Na kwetu? Shaaban Robert alichapisha Kusadikika 1951: nchi iliyo angani, na wajumbe wanaotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, warudi na maarifa, kisha wafungwe kwa sababu ya maarifa hayo. Wapo watakaosema hicho ni kitabu cha siasa, si cha sayansi. Mimi naona serikali inayomfunga mtafiti kwa alichokigundua ni mada ya fasihi hii kwa asilimia mia.

Neno "roboti" lilitoka wapi?

Kwenye tamthilia ya Mcheki Karel Čapek ya mwaka 1920. Kwa Kicheki *robota* ni kazi ya lazima ambayo mkulima mtwana alimfanyia bwana mwenye shamba. Kwa Kiswahili tuna neno lake kamili: shokoa. Roboti wa Čapek hawakuwa vyuma. Walikuwa viumbe wa kutengenezwa kiwandani ili wafanye kazi bila kudai chochote, na mwishowe wakaasi. Mzee mmoja kikundini, ambaye baba yake alitoka Njombe kwenda mkonge Tanga kama manamba, aliposikia maana ya neno hilo alinyamaza, kisha akasema, "Basi roboti wa kwanza alikuwa baba." Hakuna aliyeongeza neno.

Baadaye, mwaka 1942, Isaac Asimov akaandika kanuni zake tatu za roboti: asimdhuru binadamu, amtii, ajilinde mwenyewe, kwa mpangilio huohuo wa uzito. Hadithi zake nyingi ni za kanuni hizo zinapogongana.

Hugo, Nebula, Clarke: tuzo hizi zinatofautianaje?

Swali la kuuliza ni moja: nani anapiga kura?

Hugo hupigiwa kura na wasomaji, wanachama wa mkutano wa dunia wa wapenzi wa fasihi hii, ambao ulianza New York 1939. Tuzo zenyewe zilitolewa kwanza 1953, na zinabeba jina la Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyeanzisha Marekani, mwaka 1926, jarida la Kiingereza la kwanza kuchapisha hadithi hizi peke yake. Umbo la tuzo ni roketi.

Nebula hupigiwa kura na waandishi wenyewe, kupitia chama chao kilichoundwa Marekani 1965. Riwaya ya kwanza kuipata ilikuwa Dune ya Frank Herbert, mwaka 1966, na mwaka huohuo Dune ikashiriki Hugo na riwaya nyingine.

Tuzo ya Arthur C. Clarke, ya Uingereza, huamuliwa na jopo dogo la waamuzi. Ilianza 1987 kwa kumpa Margaret Atwood wa Kanada.

Mimi naiamini zaidi tuzo ya Clarke. Hugo ina furaha yake, lakini kupiga kura kunataka ada ya uanachama kwa dola, na mkutano wenyewe haujawahi kufanyika Afrika. Mkulima wa viazi wa Uyole mwenye mwanawe anayesoma vitabu hivi usiku kucha hana kura. Hilo linaathiri nani anashinda, hata kama kila mpiga kura ana nia njema.

Waafrika wameshawahi kushinda?

Ndiyo, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Nigeria, alipata Nebula na Hugo mwaka 2016 kwa hadithi ndefu inayoitwa *Binti*. Ndiyo, Binti, neno letu. Msichana wa Kihimba kutoka Namibia anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine, amejipaka udongo mwekundu wa asili yake mwilini. Wasichana wa kidato cha nne waliokuja kikundini mwaka jana walikisoma kitabu hicho mara mbili.

Tade Thompson, Mwingereza mwenye asili ya Wayoruba, alipata tuzo ya Clarke 2019 kwa riwaya inayotokea Nigeria. Mwaka uliofuata tuzo hiyohiyo ikaenda kwa jirani yetu kabisa: Namwali Serpell wa Zambia, kwa The Old Drift. Ndani yake yumo Edward Mukuka Nkoloso, mtu wa kweli, mwalimu aliyetangaza mwaka 1964 kwamba Zambia itapeleka watu mwezini na Mars. Aliwafunza vijana wake kwa kuwaviringisha ndani ya pipa la mafuta mteremkoni, na msichana Matha Mwamba alikuwa miongoni mwao. Magazeti ya nje yalimcheka. Serpell hakumcheka. Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni kama kilomita 100 tu, na treni ya TAZARA inapita hapa ikienda Kapiri Mposhi. Kwa hiyo ukisoma riwaya hiyo unasoma kwa shemeji, si kwa mgeni.

Waandishi wa Afrika wana tuzo yao pia, Nommo, iliyotolewa mara ya kwanza 2017. Aliyeibeba kwa riwaya mwaka huo ni Thompson huyohuyo.

Usiwasahau Wamarekani weusi. Octavia Butler, mtoto wa mtumishi wa ndani, alifungua njia. N. K. Jemisin akaipanua: Hugo ya riwaya bora 2016, 2017 na 2018, mfululizo. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Kwenye televisheni zilianza lini?

Mapema kuliko unavyofikiri. Februari 1938 BBC walionyesha kipande cha ile tamthilia ya Čapek ya roboti. Mfululizo wa Doctor Who ulianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, ukasimama 1989 na kurudi 2005. BBC walikuwa wakifuta kanda za zamani ili wazitumie upya, kwa hiyo vipindi vingi vya miaka ya sitini vilipotea. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vilivyokuwa vimepotea vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Afrika ilikuwa imewatunzia.

Lakini ninachotaka kila Mswahili akijue ni cha Star Trek, mfululizo wa televisheni wa safari za angani. Kilianza NBC, Marekani, tarehe 8 Septemba 1966. Afisa wa mawasiliano wa chombo ni mwanamke mweusi anayeitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu *uhuru*. Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka mitano tangu iupate. Tena katika kipindi kilekile cha kwanza kurushwa, kiumbe kigeni kinachojigeuza mtu kinamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Aliyeigiza nafasi hiyo, Nichelle Nichols, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa sababu watu weusi walikuwa wakijiona wakati ujao kupitia yeye. Miaka ya sabini NASA, shirika la anga la Marekani, walimtumia kuwatafuta wanawake na watu wa rangi wajiunge kuwa wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, mwaka 1992, amesema Uhura ndiye aliyemtia hamu. Neno moja la Kiswahili limefanya safari hiyo yote.

Jambo jingine: mwaka 1970 tuzo ya Hugo ya maonyesho bora haikwenda kwa filamu. Ilikwenda kwa matangazo ya habari ya Apollo 11, watu walipotua mwezini kweli.

Huku kwetu watu walizionea wapi?

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara tulisubiri hadi 1994. Mimi nilikulia Tukuyu, na televisheni ilikuwa kibanda cha video: benchi za mbao, pazia zito dirishani, jenereta ikinguruma nje, na mvua ikizidi bati hata hausikii kitu. Filamu zilikuwa zimeingizwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili. Lufufu ndiye tuliyemjua zaidi. Hakutafsiri neno kwa neno, alisimulia, akawapa wahusika majina, akaeleza kilichowasibu. Nilijua kisa cha mashine zinazowinda watu kutoka wakati ujao kwa Kiswahili cha Lufufu miaka mingi kabla ya kukisikia kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kilinipwaya. Kama kuna mtu aliyetuonyesha kwamba lugha yetu inabeba mambo haya bila kuchechemea, ni wasimulizi wale.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nianzie wapi?

Anzia hapa kikundini. Mmoja husoma ukurasa kwa sauti, mwingine anausimulia kwa Kiswahili, wengine wanasahihisha. Tunakwenda polepole. Hadithi fupi ni bora kuliko riwaya: tumeanza na wageni wengi kwa ile ya Wells ya mwaka 1904, ya mtu anayeporomoka mlimani akatua kwenye bonde la vipofu, akidhani chongo atakuwa mfalme. Mambo hayaendi alivyodhani, na watu wa milimani hucheka na kuhuzunika mahali palepale.

Vitabu vya Shelley, Verne na Wells vimeshatoka kwenye hakimiliki, vinapakuliwa bure kihalali na havili bando. Maktaba ya mkoa nayo ipo, ni kuingia tu.

Mchungaji wetu anasema vitabu hivi vinampotosha mtu kiimani.

Shikamoo yake uipeleke, na umweleze kwa heshima kwamba C. S. Lewis, miongoni mwa watetezi maarufu wa Ukristo karne ya 20, aliandika riwaya ya safari ya Mars mwaka 1938. Mkaribishe aje asome nasi. Wawili wameshakuja.

Je, kuna tuzo kwa anayeandika kwa Kiswahili?

Ya hadithi za kisayansi peke yake, sijaona. Lakini milango miwili iko wazi kwa bunilizi kwa ujumla: tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ambayo washindi wake wa kwanza walipatikana 2015, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023. Nawasihi vijana wapeleke hadithi za anga huko bila woga.

Ukiambiwa hutafika popote bila Kiingereza, mtaje Liu Cixin. Alikuwa mhandisi katika kituo cha kufua umeme China, akiandika kwa Kichina, kwa ajili ya Wachina. Riwaya yake ilianza kutoka kwa sehemu katika jarida mwaka 2006. Ken Liu akaitafsiri, na 2015 ikawa riwaya ya kwanza ya kutafsiriwa kushinda Hugo. Kazi ya mwandishi ni kuandika vizuri kwa lugha anayoiota. Mtafsiri atakuja, au atalelewa, na sisi tunalea wawili.

Mkenya Katama Mkangi alishathubutu mwaka 1995 na Walenisi, riwaya ya Kiswahili ambayo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa kwa chombo na kujikuta kwenye ulimwengu mwingine. Na Wanuri Kahiu, Mkenya pia, aliita filamu yake fupi ya 2009 *Pumzi*: Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, ambako kila tone la jasho linakusanywa linywewe tena. Nimeionyesha kikundini mara tatu, na kila mara mtu ameuliza kuhusu vyanzo vya Mto Ruaha.

Nina wazo la hadithi, lakini inatokea Mbozi. Si bora niihamishie Marekani?

Usiihamishe hata hatua moja. Wageni wa angani wa kweli walishafika Mbozi. Kimondo kiko palepale kilipoangukia, kilima cha Marengi, urefu wake kama mita tatu, uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16, sehemu kubwa chuma na nikeli. Wenyeji walikuwa wakikijua muda mrefu kabla serikali ya kikoloni haijasikia habari zake mwaka 1930. Hakuna masimulizi ya siku kilipoanguka, maana yake kilianguka zamani sana, kabla ya kumbukumbu ya yeyote. Hiyo siku bado haijaandikwa na mtu. Kwa nini isiwe wewe?

Mtakwenda tena lini kukiona?

Jumamosi ya pili ya Julai. Kutoka Mbeya ni kama kilomita 70, kwa hiyo tunaondoka saa moja kamili asubuhi. Chukua sweta, Julai hatuna mzaha na baridi. Kila mtu abebe daftari. Mara ya mwisho tulikaa pale saa mbili, kila mtu akiandika kimya, na mtoto wa darasa la sita aliyekuja na dada yake aliweka kiganja kwenye chuma, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akauliza kama kimondo nacho kinahisi kuguswa. Dada yake alimwambia aandike. Ameshafika ukurasa wa kumi na nne.